Hapana ya Mshenga

Katika filamu ya Kihindi Tanu Weds Manu, iliyoongozwa na Anand L. Rai na kutoka mwaka 2011, daktari aitwaye Manu anarudi India kutoka London ili atafutiwe mke. Wazazi wake wanamzungusha nyumba kwa nyumba kuangalia wasichana. Wanapofika Kanpur kwa akina Trivedi, chai inamiminwa, vitafunwa vinapangwa, wazee wanaulizana habari za ukoo, lakini binti mwenyewe hatokei. Yuko chumbani amelala fofofo, kajilaza makusudi kwa dawa za usingizi ili wageni wachoke na kuondoka. Manu anapelekwa amwone hivyohivyo, anamtazama akiwa hajitambui, moyo unamdondoka, anarudi kwa wazee na kusema amekubali. Baadaye, safarini kwenye treni, Tanu anamfichulia kwamba ule usingizi ulikuwa jibu lake, kwamba ana mtu wake, na kwamba anamwomba yeye Manu ndiye akakatae. Na Manu, ambaye keshapenda, anakwenda kuwaambia wazazi wake kwamba msichana hakumvutia. Miaka sita kabla ya hapo, Imtiaz Ali alikuwa ameianza filamu yake ya kwanza, Socha Na Tha, kwa fundo lilelile: Viren na Aditi wanakutanishwa na familia zao, wanaachwa peke yao wazungumze, na kitu cha pekee wanachokubaliana ni kwamba Viren ndiye atakayekataa. Anakataa, na nyumba mbili zilizokuwa zikinywa chai pamoja zinageuka maadui.

Filamu za namna hii huelezwa kwa kawaida kama vita kati ya mapenzi na mila: vijana wanapendana, wazee wanazuia, mwisho wazee wanalegea. Maelezo hayo yanawafaa zaidi waandika matangazo. Ukivitazama vichekesho vya Kihindi kuhusu posa kwa jicho la mtu wa Mchikichini au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambako posa bado ni shughuli yenye watu wake, maneno yake na gharama zake, utaona kinachochekwa ni kitu kingine kabisa. Kinachochekwa ni neno hapana kukosa mtu wa kulibeba. Tanu analo hapana lake, Aditi analo lake. Hawana wa kumpa alipeleke. Kwa hiyo wanamtwisha mgeni aliyekuja kuposa, mtu asiyefaa kabisa kwa kazi hiyo, na mambo yanavurugika hadi karibu mwisho wa filamu. Uswahilini mtu wa kulibeba neno hilo yupo na ana jina. Anaitwa mshenga.

Mshenga kwa kawaida husifiwa kwa kufanikisha ndoa, lakini kazi yake kubwa iko upande wa pili. Kufanikisha ndiyo si kazi ngumu. Panapokuwa na ndiyo hata mtoto anaweza kutumwa. Ugumu uko kwenye kupokea kukataliwa bila mtu kuvunjika heshima. Kijana akienda mwenyewe kwa baba wa msichana na kukataliwa, amekataliwa yeye, mbele ya macho yake, na kesho atakutana na mzee huyo msikitini au kwenye mlango wa duka. Akimtuma mshenga, aliyekataliwa ni maneno ya mshenga. Upande wa binti hausemi "hatumtaki". Unasema barua imepokelewa, wazee watakaa, majibu yatakuja, na majibu yasipokuja kila mtu anaelewa. Ndiyo maana mshenga mzuri huchaguliwa kwa ulimi na subira kuliko kwa udugu, na ndiyo maana mara nyingi si baba wala mjomba wa kijana. Anatakiwa mtu wa kuweza kutukanwa kidogo bila ukoo kuingia vitani. Desturi za Waswahili, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kilichochapishwa mwaka 1903, kinaeleza kwa kina taratibu za posa na harusi za Mrima, na msomaji wa leo atashangazwa na jinsi mengi yanavyopita kwenye midomo ya watu wengine kabla hayajawafikia wawili wenyewe.

Filamu za Kihindi nazo zimekuwa zikimchunguza mtu huyu wa kati kwa muda mrefu, hata pale ambapo hazimtaji kwa cheo. Katika Padosan ya mwaka 1968, Bhola, anayeigizwa na Sunil Dutt, anampenda jirani yake Bindu, msichana asiyemthamini mwanamume asiyejua kuimba. Rafiki yake, Guru, anayeigizwa na Kishore Kumar, anajificha na kuimba huku Bhola akichezesha midomo dirishani. Ni mshenga wa sauti. Utani wenyewe una makali mawili, kwa sababu katika sinema ya Kihindi karibu kila steringi huimbiwa na mtu mwingine. Kwa miongo kadhaa mabinti wa filamu hizo walipendwa kwa sauti ya Lata Mangeshkar bila yeye kuonekana. Padosan ilichukua siri ya kiwanda kizima ikaifanya kuwa hadithi ya posa. Halafu ikaja Mere Brother Ki Dulhan (Bibi Harusi wa Kaka Yangu) ya 2011, ambayo kichwa chake tu kinatosha kumfanya mzee wa Kizaramo acheke kabla ya filamu kuanza: kijana Kush anatumwa kumtafutia mke kaka yake aliyeko London, anampata Dimple, posa inakwenda vizuri, na mshenga anampenda mchumba. Hofu hii ni ya zamani sana pwani. Mtu aliyepewa maneno matamu ya mwenzake ayafikishe, ana hatari ya kuyasema vizuri kupita kiasi.

Hapa Kariakoo inaingia yenyewe, maana ni eneo linaloishi kwa watu wa kati. Tangu jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli lilipofunguliwa mwaka 1975, na hata kabla yake, bidhaa chache sana hapo zimetoka kwa mwenye mali hadi kwa mlaji bila kupita mkono wa tatu. Kuna dalali wa nyumba, dalali wa mazao, na siku hizi kuna winga, kijana asiye na duka wala shehena, anayemdaka mteja barabarani, anampeleka kwenye mzigo na kuongeza chake juu ya bei. Neno dalali lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na Wahindi wanalo pia; kwao limechakaa hadi likawa karibu na tusi. Ni rahisi kusema mshenga ni winga wa ndoa, na wapo wanaosema hivyo kwa mzaha. Lakini winga anaishi kwa kuhakikisha mteja na mwenye duka hawafahamiani, kwani siku wakibadilishana namba za simu kazi yake imekwisha. Mshenga anafanya kazi ili asihitajike tena. Vichekesho vya Kihindi vinapata uhai pale mshenga anapoanza kufanya kama winga: Kush anapoanza kutamani kwamba kaka yake na Dimple wasifahamiane sana, hapo ndipo ukumbi unaanza kucheka.

Filamu za Kihindi hazikufika Mchikichini juzi. Mji wa Dar es Salaam wa kikoloni ulipangwa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawekwa kama mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Majumba ya sinema, Avalon, Empire, Empress, Odeon, yalikuwa upande wa pili wa mpaka huo, na wakazi wa Kariakoo waliuvuka kwa miguu kwenda kuwatazama Raj Kapoor na Nargis. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo kwa vizazi viwili au vitatu ukumbi wa sinema ndio uliokuwa mahali pa kuona nyumba ya watu wengine ikijadili ndoa. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na watazamaji wengi wa zamani kwa ajili ya kitabu chake Reel Pleasures, ameonyesha jinsi filamu kama Awara ya mwaka 1951 zilivyowapa Wazanzibari wa miaka ile lugha ya kubishania nani achague mke au mume, wazazi au wenyewe. Na mabishano hayo yaliingia kwenye fasihi yetu: katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, ugomvi wa Tatu na mama yake unawaka kwa sababu ya kwenda sinema na mvulana. Tatu anampata Swai wake bila mshenga, na tamthilia hiyo haimwachii raha. Wengi huisoma kama onyo kwa vijana. Mimi naona pia ni picha ya watu wawili waliovuka kizingiti bila mtu wa kuwarudisha waliposhindwana.

Hoja ya kwanza dhidi ya maelezo yangu ni ya mahari, na ni nzito. Huko India, kwa familia nyingi za filamu hizi, mali hutoka upande wa binti kwenda kwa mume, desturi iliyopigwa marufuku kisheria mwaka 1961 na ambayo haijaisha. Kwetu mahari hutoka upande wa mume. Vipi basi mtazamaji wa Mchikichini acheke kicheko kilekile? Jibu ni kwamba hacheki kilekile, anahamisha kiti. Kwenye filamu anayekaguliwa ni msichana anayeingia na sinia la chai, macho ya wageni yakimpima kuanzia rangi ya ngozi hadi mwendo. Bareilly Ki Barfi ya mwaka 2017 inalifikisha jambo hili hadi kwenye aibu kamili: mposaji mmoja anamuuliza Bitti kama bado ni bikira, na Bitti anamuuliza yeye swali hilohilo. Dar es Salaam anayetoka jasho ni ujumbe wa mwanamume. Hao ndio wanaokalishwa, wakaulizwa wametoka wapi na wanatafuta nini, wakatakiwa kutoa fedha ili mlango ufunguliwe, wakakuta orodha ina mkaja wa mama, kilemba cha baba, ubeleko, na pengine faini ya kosa ambalo kijana hakuwasimulia. Uelekeo wa mali unabadilisha nani anaogopa. Haubadilishi ukweli kwamba pande zote mbili zinazungumza kwa mafumbo kwa sababu neno la moja kwa moja ni la hatari. Mtazamaji wa hapa anapomwona baba wa Kihindi akimwaga maneno ya adabu huku anapiga hesabu kichwani, anamjua. Amewahi kukaa naye mkeka mmoja, ila upande wa pili.

Kuna hoja nyingine isemayo kwamba mshenga siku hizi ni pambo. Vijana wanakutana chuoni, kazini, kwenye simu. Wakishakubaliana ndipo wanamtafuta mzee wa kupeleka barua ya posa iliyokwisha kujibiwa kabla haijaandikwa. Ni kweli kwamba kazi ya kutafuta imemtoka mikononi, na kwa wengi haikuwahi kuwa yake hasa. Lakini hoja hii inachanganya kutafuta na kubeba. Mshenga anaendelea kutumwa hata pale wawili wamekubaliana, kwa sababu bado kuna familia mbili ambazo hazijakubaliana, na mjini familia hizo mara nyingi hazina kabila moja wala dini moja. Nyumba ya Kiswahili ya Mchikichini, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, inaweza kuwa na Mzaramo, Mpare, Mhaya na Mmakonde chini ya bati moja. Binti akiposwa, wazee wa kweli wako mkoani, na anayepokea wageni huenda akawa baba mdogo, au jirani mtu mzima, au hata mwenye nyumba. Pale mshenga anahitaji kujua desturi za ukoo asioufahamu, ajue lini kimya ni kukubali na lini ni matusi. Vilevile sheria inalitambua jambo hili kwa njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni halali hata kama mahari haijalipwa, lakini inaruhusu pia kudai fidia kwa kuvunjwa kwa ahadi ya ndoa na kudai zawadi zirudishwe. Maana yake ni kwamba kuna saa ambayo maneno yanageuka ahadi, na kabla ya saa hiyo mtu anaweza kujitoa salama. Mshenga ndiye anayejua saa hiyo iko wapi.

Hoja inayoumiza zaidi ni ya wale wasioona cha kuchekesha. Wanasema vichekesho vya posa vinapaka sukari jambo ambalo kwa wasichana wengi ni amri, na kwamba baba wa filamu hulegea dakika ya mwisho wakati baba wa kweli halegei. Wana haki ya kusema hivyo. Septemba 1970 huko Zanzibar, wasichana wanne wenye asili ya Iran waliozwa kwa nguvu kwa viongozi wa Mapinduzi, watu wazima waliowazidi umri kwa mbali, na kilio cha dunia hakikubadilisha lolote kwa haraka. Bara nako, Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilivikuta vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Haya si mambo ya kuchekesha, na sijui mwandishi wa vichekesho anayeweza kuyafanya yachekeshe. Ila angalia ni nini hasa kilichokosekana Zanzibar mwaka ule. Hakukuwa na posa. Dola ilijifanya mposaji, mshenga na walii kwa mpigo, na hapakubaki mtu wa kupelekewa hapana. Kicheko cha filamu hizi kinahitaji kukataa kuwezekane, hata kama ni kwa tabu na kwa hila. Pale ambapo hakuwezekani, filamu inahama yenyewe na kuwa msiba. Kwa hiyo siwatetei wanaosema ni burudani tu. Nasema kwamba kichekesho cha posa kinaweza kutumika kama kipimo: mahali ambapo watazamaji hawawezi kuicheka Tanu Weds Manu, kuna uwezekano kwamba hapo binti haulizwi.

Na hata filamu hiyo ina doa lake ambalo kicheko hakilifuti. Katika fikihi, ukimya wa bikira anapoulizwa kuhusu ndoa huhesabiwa kuwa ridhaa, na mashehe makini hukazia kwamba lazima kwanza aulizwe, tena asikie. Manu amechukua usingizi kuwa ridhaa. Filamu inaliona hilo kama mwanzo wa mapenzi makubwa, na inatumia saa nzima kumfanya Tanu awe mtu wa kustahili kupendwa na mwanamume aliyempenda alipokuwa hana la kusema. Dum Laga Ke Haisha ya Sharat Katariya, ya mwaka 2015, ni ya haki zaidi kwa upande huu: Prem, kijana wa duka la kaseti, anaozwa kwa shinikizo la baba yake msichana mnene na msomi kuliko yeye, hapana lake linabaki tumboni, na linatoka baada ya harusi kama dharau. Hapo tunaona gharama ya neno ambalo halikupewa mjumbe kwa wakati. Jambo jingine ambalo filamu hizi hulificha ni udogo wa uwanja. Tanu ni Trivedi na Manu ni Sharma, majina yote mawili ya Kibrahmani. Kabla wageni hawajakaa, mengi ya magumu yamekwisha kuondolewa njiani. Uswahilini magumu hayo ndiyo huja na wageni mlangoni.

Tukitafuta mshenga wa filamu hizi hapa Dar, tutamkuta kwenye kibanda umiza, kiukumbi cha video cha mtaani. Video zilipoingia mitaani, watafsiri walianza kusema juu ya sauti ya filamu kwa Kiswahili, na maarufu kuliko wote akawa Derek Gasper Mukandala, Lufufu wa wapenzi wake. Mtafsiri wa aina hii hatafsiri tu. Anaeleza, anatania, anamtetea binti, anamkejeli baba mkwe, anaongeza methali ambayo mwandishi wa Mumbai hakuwahi kuisikia. Amesimama kati ya pande mbili zisizoelewana, na kila upande unapaswa kuamini kwamba amefikisha. Ana nafasi ileile ya Guru nyuma ya Bhola: midomo ni ya mwingine, sauti ni yake. Na kuna neno moja la Kihindi ambalo humlazimisha kuchagua kila linapojitokeza, nalo katika filamu za posa hujitokeza karibu kila baada ya dakika tano. Ni rishta. Kwao lina maana ya uhusiano, ya udugu, na pia ya posa iliyoletwa nyumbani, yote kwa wakati mmoja. Kiswahili hakina neno lenye mfuko mpana hivyo. Mtafsiri akisema "uchumba", basi Tanu aliyelala juu chumbani amevunja ahadi na watazamaji watamwona mkorofi. Akisema "posa", ahadi haijatolewa bado, wageni ni wageni tu, na binti ana haki ya kuendelea kulala mpaka chai yao ipoe.